Bila Spika: shajara ya maonesho ya bure, Unguja 2024

Jumamosi, 11 Mei

Tumekutana nyumbani kwa Maalim, watu saba, chai ya maziwa na visheti, na mvua ya masika inapiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Tulichokubaliana: maonesho sita kabla ya mwaka kwisha, hakuna kiingilio, hakuna kadi, hakuna meza ya wageni rasmi. Tutakwenda pale ambapo watu wapo. Hotelini hapana.

Hili la hoteli ndilo lililotukutanisha. Muziki tunaoupiga, taarab asilia, umehamia juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Mgeni anakula pweza wa kuchoma, sisi tuko pembeni tunampepea kwa bashraf, muziki wa ala usio na maneno. Mtoto wa Jang'ombe akiisikia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anaisikia akipita chini, jioni, na hajui ni dude gani linalolia huko juu.

Tulio: fidla mbili (mie hupiga ya pili), selo, kanuni ya Maalim, besi kubwa la kusimama, ngoma ya dumbak, na mwimbaji wetu, ambaye hapa nitamwita Bi. Programu itakuwa mchanganyiko: bashraf ya kufungulia, nyimbo mbili tatu za taarab asilia, halafu vipande vya Ulaya vya nyuzi, pamoja na kipande cha Bach, mtunzi wa zamani wa Kijerumani, cha selo peke yake. Mpiga besi ameguna aliposikia Bach. "Nani atakaa?" Sikuwa na jibu. Naliweka swali lake hapa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa spika. Vijana wawili, wa selo na wa dumbak, wanataka mitambo: wanasema siku hizi hata mnada wa mitumba una maikrofoni, sisi tutasikika vipi? Maalim hataki hata kusikia. "Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa 1905, spika ilikuwa wapi? Siti binti Saad aliimba miaka mingapi kabla ya kwenda Bombay 1928 kurikodi?" Anasema kanuni ikishapita kwenye spika inakuwa sauti ya vijiko. Mie nimemuunga mkono, ila kwa sababu ya chini kuliko yake: pesa. Tuna shilingi 1,400,000, mchango wetu pamoja na fungu la jamaa mmoja aliyeko Maskati. Kukodi mitambo, mtu wake na jenereta kwa siku sita kungezimaliza zote.

Kwa hiyo: bila spika.

Alhamisi, 23 Mei

Selo linaunguruma. Kijana akipita kwenye uzi wa G, kinasikika kitu kama nyuki ndani ya kopo. Tumeligonga kwa kidole pande zote, polepole, kama daktari anavyogonga kifua, mpaka kiunoni upande wa kulia mlio ukabadilika: pa, pa, pa, kisha pwa. Gundi imeachia. Unyevu wa masika umeingia kwenye kiungo cha ubao wa nyuma.

Fundi seremala jirani alikuja na chupa yake ya gundi nyeupe, mkono wake ulishafika. Maalim alimshika kiganja. Selo na fidla hugandishwa kwa gundi ya ngozi makusudi, ili siku ukitaka kukifungua chombo kwa matengenezo kifunguke bila kuvunja mbao. Gundi nyeupe haisamehe. Maalim ana vipande vyake vya gundi ya ngozi, vya rangi ya asali, kwenye kopo la kahawa. Ameviloweka, akavitia kwenye kisufuria kidogo, akakikalisha ndani ya sufuria la maji ya moto. Maji yasichemke, anasema. Uweze kutia kidole na kukitoa haraka. Kwa kisu chembamba cha kupakia siagi akaipenyeza kwenye ufa, kisha tukalifunga selo zima kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kama bendeji. Limelala sebuleni kwake mpaka Jumamosi. Watoto wa nyumba wanaliita mgonjwa.

Jumatano, 5 Juni

Vibali. Masheha wawili tuliowaendea wametupokea vizuri, mmoja alitaka tu kujua kama kutakuwa na rusha roho. Kwenye ofisi moja nyingine barua yetu haionekani. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, nimeiona kwa macho yangu ikiingia kwenye faili la kijani. Leo hakuna faili la kijani. Nimeandika nyingine palepale, kwa mkono.

Muda tumeupanga kwa adhana, na mpaka nilipokaa na karatasi sikujua mwanya wenyewe ni mwembamba kiasi gani. Alasiri inaswaliwa kabla ya saa kumi, magharibi saa 12 na robo hivi. Watu wakitoka msikitini mpaka wafike na kukaa ni saa 10:30. Tumalize saa 11:45. Bashraf, nyimbo tatu, Bach, kipande kimoja cha pamoja, na mtu asiombe kurudia. Huwa wanaomba kurudia.

Jumapili, 23 Juni. Onesho la kwanza: Forodhani

Nasema ukweli: tulishindwa.

Mahali tulipachagua kwa macho. Bustani imejaa, bahari mbele, Ngome Kongwe nyuma, vijana wanaruka majini kutoka ukutani, familia bado ziko kwenye nguo za Idi. Watu walikuwepo wengi kuliko tulivyoota. Tatizo ni kwamba hapana ukuta. Sauti ikitoka kwenye fidla inakwenda zake Bagamoyo. Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6, na hakuna kitu cha kukurudishia ulichopoteza. Safu ya kwanza walisikia. Safu ya tatu waliona watu wanasugua mbao.

Ongeza jenereta za wauza vyakula, mapanga ya wakata miwa, na upepo wa kusi ulioingia kwenye stendi za nota. Nilikuwa na vibanio vya nguo vinne. Karatasi zilikuwa tano. Ukurasa wa pili wa bashraf ulikwenda baharini na tukaumaliza kwa kumbukumbu, yaani Maalim alikumbuka, sisi tukamfuata nyuma kama magari ya mazishi. Mzee mmoja aliyekaa mbele kabisa alituonea huruma, akageuka akawapigia kelele watu: "Nyamazeni, wenzenu wanaswali!" Watu wakacheka, wakanyamaza dakika nzima. Hiyo dakika ilikuwa nzuri sana.

Kijana wa dumbak wakati wa kufungasha hakusema kitu. Aliangalia spika ya muuza urojo, akaniangalia mimi.

Jumanne, 2 Julai

Mazoezi. Nimekwenda na kanuni mpya, hii ya kuchagua mahali: kwanza piga kofi. Ukipiga kofi mahali, sikiliza kinachorudi. Kisiporudi kitu, ondoka. Kikirudi kirefu mno, kama kwenye tangi, ondoka pia. Nimeshazunguka na makofi yangu sehemu kumi na moja wiki hii. Mlinzi mmoja aliniuliza kama nimepotelewa na paka.

Tumetumia saa nzima kwenye nota moja. Bashraf yetu ni ya makamu ya rasti, mpangilio wa nota wa Kiarabu, na nota ya mi ya rasti si mi ya piano, wala si mi bemol, ile iliyoshushwa. Imekaa katikati yao. Maalim kwenye kanuni anageuza kishikizo kidogo cha chuma kando ya nyuzi, basi, iko hapo. Kijana wa selo amefundishwa kwa nota za Ulaya, na kidole chake kinakwenda kwenye mi ya kawaida kama punda anavyojua njia ya nyumbani. Wakipiga pamoja, meno yanauma. Mwisho Maalim akachukua penseli, akapiga mstari mwembamba kwenye shingo ya selo. "Hapa. Si juu yake, si chini yake." Akapiga. Mwili wote ukatulia. Hata mke wa Maalim huko jikoni alisema "Ehee!"

Tatizo: kipande cha Bach ni cha G, kinataka nota yake ya si iwe safi, ya kawaida kabisa, na kinafuata mara tu baada ya bashraf. Kijana anasema itabidi kati ya viwili ashushe pumzi kwanza, masikio yabadilishe viatu.

Jumamosi, 13 Julai. Onesho la pili: ukumbi wa skuli, Ng'ambo

Mwenye ufunguo alikwenda shamba kwenye msiba na ufunguo ukaenda naye. Tulikaa nje na mikeka, sisi na watu kama arubaini, mpaka ndugu yake alipofika na vespa saa 11 kasoro. Wenyeji walisubiri bila lawama. Mama mmoja aligawa karanga.

Ndani, sauti ilikuwa nzuri nilipopiga kofi wiki iliyopita ukumbi ukiwa mtupu: kuta ngumu, sakafu ya saruji, kila kitu kinalia. Sikupiga hesabu ya watu. Watu ni nguo, na nguo zinakunywa sauti. Mabuibui, mikeka, mito, watoto waliolala: ukumbi uliokuwa unalia kama kisima ukawa mkavu kama godoro. Bado ulisikika vizuri, mara kumi ya Forodhani. Ila lile tamu la mwisho, ule mkia wa sauti baada ya upinde kuinuka, haukuwepo.

Halafu mapangaboi. Yapo sita, na moja linalia kila likizunguka, kwi, kwi, kwi, kwenye nota ambayo haipo kwenye makamu yoyote. Tulipoyazima kwa ajili ya Bach, joto lilishuka juu yetu kama blanketi. Watu walivumilia dakika mbili na nusu, ndio urefu wa kipande chenyewe, na nilimwona mtu akimpepea mwenzake kwa daftari polepole sana ili daftari lisilie. Nilimpenda mtu yule.

Vigingi vya fidla yangu vimevimba, havigeuki. Nimetyuni kwa vikaza vidogo vya mkiani tu.

Jumanne, 6 Agosti. Onesho la tatu: kituo cha afya

Hili tulilifanya asubuhi, wawili tu, selo na fidla yangu, kwenye baraza la kusubiria siku ya kliniki ya watoto. Mganga mkuu wa kituo alitupa sharti moja: muuguzi akiita jina, jina lisikike. Kwa hiyo tulipiga na majina. Bach ina mapengo madogo ya kuvuta pumzi, na muuguzi baada ya kama nusu saa akaanza kuita majina kwenye mapengo hayo. Hatukumwomba.

Mahali penyewe: ukumbi mrefu mwembamba, vigae mpaka kifuani, dari ya chini. Kofi langu lilirudi mara moja, fupi, safi. Kipande cha Bach kinaanza kwa G na D, nyuzi mbili wazi ambazo kidole hakizigusi, zinalia kwa urefu wake wote, na ukumbi ule ulizichukua ukazipeleka mpaka kwenye mizani ya watoto kule mwisho. Watoto walinyamaza. Si wote, wa sindano hawakunyamaza.

Mama kijana, mtoto begani, alisogea mpaka mguu wake ukagusa mguu wa kiti cha selo. Akasikiliza vipande viwili. Kisha akaniuliza, akionesha selo kwa kidevu: "Baba, hili ndilo fidla likikua?"

Mguu wa chuma wa selo ulikuwa unateleza kwenye vigae. Tuliufunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kiti. Tangu leo kamba inakaa kwenye kasha.

Mpiga besi hakuwepo. Nimemsimulia, akasema: "Wale walikuwa hawana pa kwenda." Nayo ni kweli.

Jumamosi, 31 Agosti. Onesho la nne: Michenzani

Baada ya Forodhani niliapa hatupigi tena nje. Nimevunja kiapo kwa sababu ya kofi. Majumba ya Michenzani yamenyooka kama rula, ghorofa juu ya ghorofa, kuta za zege tangu miaka ya 1970, na ukisimama umelipa jumba mgongo karibu kabisa na ukuta, kofi lako linakwenda mbele na kurudi lote. Ukuta unafanya kazi ya spika, na haudai kodi.

Tulifika na kirikuu saa tisa. Watu wachache walikuja kukaa kwenye mikeka, watoto zaidi. Bashraf ilipoanza, madirisha yakaanza kufunguka. Moja, tatu, kumi. Shuka zilizoanikwa zikasogezwa pembeni, vichwa vikatokea. Watu waliegemea viwiko madirishani wakatusikiliza toka juu. Sijawahi kupiga nikiwa na wasikilizaji juu ya kichwa changu namna ile. Ukimaliza, makofi yanakuangukia kama mvua.

Sasa jambo lililotuharibia siku, na kosa ni letu.

Bi alikuwa kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa tatu, ubeti wa mtu aliyelea akasahauliwa. Dirisha la ghorofa ya tatu, mama mmoja wa makamo aliinua mkono, akatoweka. Tukajua anashuka. Ngazi za Michenzani si mchezo. Alipotokea chini ubeti ulikwisha. Akasimama, ameinua noti kati ya vidole viwili, akampa Bi ishara ya mkono: rudia. Bi akarudia. Mama akaja kwa mwendo wa wimbo, hatua moja kwa kila pigo la dumbak, kanga begani, uso hauna hata tabasamu, maana jambo lenyewe lilikuwa si la kuchekea.

Na sisi kwenye karatasi zetu tulizobandika mpaka kwenye duka la mkate tumeandika: hakuna malipo ya aina yoyote. Bi alikunja mikono kifuani, akatikisa kichwa: hapana, mama, ni bure.

Mama alibaki amesimama na noti yake hewani. Dumbak likaendelea mapigo manne hivi, halafu likaona haya. Akaikunja noti, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mmenifuata mpaka mlangoni kwangu," alisema, si kwa hasira, "halafu mnanikataa." Akapanda ngazi zake. Dirisha la tatu lilifungwa.

Tulimalizia programu. Nilipiga vibaya.

Jumapili, 8 Septemba

Kikao kwa Maalim. Mwezi huu hakuna onesho. Maulidi yamekaribia na Bi ana miadi ya kasida kila usiku, dumbak naye ana yake. Tumekaa kuzungumza jambo moja tu.

Hoja yangu ilikuwa: tukipokea, si bure tena, na asiye na noti ataona haya kuja. Maalim aliniacha nimalize. Kisha akasema kutunza si kulipa. Anayelipa, analipa mlangoni kabla hajasikia. Anayetunza amesikia, na anasimama mbele za watu kusema ubeti huu ni wangu. Yule mama alikuwa na neno lake, na sisi tulimziba mdomo kwa karatasi ya tangazo. Bi alilia kidogo. Alisema yeye alijua palepale kwamba anakosea, mikono ilishajikunja.

Mpiga besi ndiye aliyeleta njia: tutapokea, lakini hatugawani. Kila senti iingie kwenye daftari la nyuzi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, na kila mwezi moja inakatika ikakatisha tamaa na nyingine. Tangazo jipya litasema tu: Hakuna kiingilio. Neno moja limeondoka, "malipo".

Mie bado nina wasiwasi wangu na nimewaambia. Nilisema pia kwamba angalau kwenye Bach hakuna atakayetunza, hakuna maneno ya kumchoma mtu, kwa hiyo pale tutapumzika. Wote walikubali. Maalim hakusema neno.

Bi amekwenda Michenzani mwenyewe, peke yake, kupanda ngazi. Hakutusimulia.

Jumapili, 6 Oktoba. Onesho la tano: Amani

Bati, vuli, saa 10:50. Mvua ilikuja na hakuna aliyemsikia hata aliyekaa naye. Tulipiga bashraf nzima kwa kuangaliana midomo na mikono. Watu waliona tunajitahidi, wakapiga makofi ambayo nayo hatukuyasikia. Ilipokatika zilibaki dakika kumi na tano. Nyimbo mbili, hakuna Bach. Noti mbili za elfu kwa Bi, zimeingia daftarini.

Kijana wa dumbak: "Hata spika isingeshinda hii." Amesilimu.

Jumamosi, 26 Oktoba. Onesho la sita: Mkunazini

Ua wa ndani wa nyumba ya zamani, ule ambao watu wa mtaa wanautumia kwa arusi na misiba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukinyoosha mkono hauufikii upande wa pili. Roshani ya mbao imezunguka pande tatu juu. Katikati mbingu iko wazi. Nilipopiga kofi hapa mwezi Julai, lilirudi likiwa na umri zaidi kuliko nilivyolipeleka. Nimekuwa nikiliweka eneo hili la mwisho kwa uchoyo.

Nilipiga tena kabla ya watu kuingia, kisha walipojaa. Chini mikeka imekunywa kiasi chake, ila roshani, mbao na mawe, zilibaki zinarudisha. Watu karibu mia na ishirini, nimewahesabu kwa viatu mlangoni. Walinzi wa maduka, wanafunzi wa chuo, wazee wawili waliowahi kupiga fidla vilabuni na waliokaa mikono imefumbwa kama waamuzi. Mmoja wao fidla yake huifunga kizamani, Kiarabu, sol re sol re, na kabla hatujaanza alichukua ya kwangu, akaipapasa kwa kidole, akanirudishia bila maoni.

Bashraf. Khana nne, yaani sehemu nne, na baada ya kila khana inarudi taslimu, kiitikio chake, ileile, na kila iliporudi nilisikia watu zaidi wanaiimba kwa pua. Kwa mara ya nne ua mzima ulikuwa unavuma. Mi ya rasti ilikaa pale pale kwenye mstari wa penseli. Mmoja wa wale wazee akafumbua mikono.

Yule mama wa Michenzani alikuwepo. Alikaa kwenye roshani, kitenge cha kijani, karibu na ngazi. Bi alipomwona alianza wimbo wa tatu kabla ya zamu yake, na sisi tukamfuata. Ubeti wa pili, mama hakusimama. Tulingoja. Bi akaurudia, macho juu. Mama akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayeambiwa "karibu chai" na ameshashiba. Basi, nikasema moyoni, hilo limekwisha, na tumelistahili.

Halafu selo peke yake. Kijana alishusha pumzi, akabadilisha viatu vya masikio. G, D, nyuzi wazi. Sina maneno mengi hapa: mawe yale yalizipokea. Jua lilikuwa limebaki juu ya ukuta wa mashariki tu, kunguru walikuwa wanarudi, na sauti ilipanda ikakaa kwenye roshani kama moshi wa ubani usiotaka kutoka. Kuna mahali kuelekea mwisho ambapo nota zinapanda hatua kwa hatua, uzi mmoja wa chini unashikilia na wa juu unakwenda, unakwenda. Hapo nilisikia ngazi za mbao zinalia.

Alikuwa anashuka. Hapana dumbak la kumpa mwendo, alikwenda kwa mwendo wake. Alifika mbele ya kijana, ambaye alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili ina kazi, na hapakuwa na mkono wa kupokea. Mama aliangalia pa kuweka. Nilidhani ataiweka begani kwake. Kijana alipofumbua macho kwa mlio wa mwisho, mama alishapinda kona ya ngazi anarudi juu, mikono mitupu, na sikuona ameiacha wapi. Baada ya makofi tuliangalia kwenye kiti, chini ya mkeka, kwenye kasha. Hakuna. Tukasema labda alighairi.

Tulimaliza saa 12 kasoro dakika tano. Waliomba kurudia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kijana amenipigia simu alfajiri, sauti imemkauka. Selo linaunguruma tena. Nyuki yuleyule, kopo lilelile, uzi wa G. Nimekwenda na kisufuria, na mpira wa baiskeli, na kopo la gundi la Maalim, na Maalim mwenyewe nyuma ya vespa.

Tumegonga kote. Pa, pa, pa. Kiuno kizima, mabega mazima, hakuna pwa hata moja. Maalim akachukua simu yangu, akawasha tochi, akamulika kwenye tundu la upande wa kushoto, lile lililochongwa kama herufi, akaweka jicho. Akakaa hapo muda mrefu. Kisha akaanza kucheka kwa mabega bila kutoa sauti, akanipisha.

Mle ndani, juu ya mbao, karibu na kijiti kinachoshikilia kifua cha selo, noti ya elfu mbili, imekunjwa mara mbili kwa unadhifu, upande wa simba juu.

Imetuchukua karibu saa nzima kuitoa. Tumelipindua selo, tumelitikisa, tumeingiza waya wa hanga uliobandikwa utepe wa gundi, noti inasogea mpaka mdomoni mwa tundu halafu inarudi. Mwisho kijana akatia konzi mbili za mchele mkavu, akalizungusha kichwa chini, ukamiminika sakafuni na noti katikati yake. Kuku wa mke wa mwenye nyumba wakamalizia.

Nimeandika kwenye daftari la nyuzi: tarehe 26 Oktoba, shilingi 2,000, kwa Bach. Mpiga besi ameomba kuuona ukurasa huo kwa macho yake. Kijana amepiga tena uzi wa G, umetulia. Anasema ulikuwa na utamu fulani ulipokuwa unaunguruma.